Wakuu, "yet" na "still" zote si ni bado? Naomba kueleweshwa

Mdau wa Kurasini
Wakuu habari za mchana, naomba msaada kwa wanaojua Kiingereza vizuri. Nipo ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kutwa naandika imeili kwa wateja na kwa mawakala wa huko nje, na neno ninalolihitaji kuliko yote ni "bado", maana kazi yetu ndo hiyo, nyaraka bado, malipo bado, kontena bado halijashuka. Sasa juzi dada mmoja hapa ofisini kaona nimeandika "We still have not received the documents" akaniambia toa hiyo still weka yet, mteja atahisi unamgombeza. Nikamuuliza kwa nini, akasema ndo inavyosikika, sababu hawezi kuieleza. Shuleni tulikaririshwa yet ni bado, still ni bado, basi tukaendelea. Je kuna tofauti kweli au ni mazoea ya watu tu? Na hiyo yet inakaa wapi kwenye sentensi, maana naiona mwisho, naiona katikati.

Mwl wa Tuisheni Mbagala
Mkuu huyo dada yuko sahihi, na sababu unayo mwenyewe kwenye Kiswahili chako ila hakuna aliyekuonyesha. Sema "hajafika" afu sema "bado hajafika". Hiyo ya kwanza ni taarifa, mtu hayupo ila anategemewa, -ja- peke yake ishabeba habari ya kusubiri, ndo maana "hakufika" ni kitu kingine kabisa, hiyo habari imeisha. Kwa hiyo "hajafika" bila bado yoyote ni "He hasn't arrived yet". Ukitanguliza bado na ukaikazia, "BADO hajafika", hapo unaangalia saa, ulitegemea awe kafika zamani, na hiyo ndo "He still hasn't arrived". Ukiipeleka mwisho, "hajafika bado", inalainika, inarudi upande wa yet.

Nalisema hili kila mwaka kwa watoto wanaoanza kidato cha kwanza, wametoka msingi wamesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, ghafla kila kitu Kiingereza, na wanachopewa ni orodha ya maneno na maana moja moja. Inaniuma kwa kweli, maana mtoto anayejua kutofautisha hajafika na hakufika tayari ana akili yote ya kuielewa yet, anatakiwa tu aonyeshwe kwamba anayo.

Turudi kwenye imeili yako. Umeomba nyaraka jana, leo unaandika, sema "We have not yet received the documents", hakuna wa kukasirika. Umeomba, umekumbusha, wiki ya pili hii na kontena limeanza kuhesabiwa storeji, yani ada ya kukaa bandarini, hapo andika still bila wasiwasi, sio utovu wa adabu, unataka ajue kachelewa na still inamfikishia hiyo habari.

Nafasi yake: kwenye maongezi yet inakaa mwisho, "I haven't eaten yet". Kwenye barua na maandishi ya kiofisi inapenda kukaa nyuma ya not, "has not yet arrived". Still yenyewe inatangulia, "still hasn't arrived", ukiandika "hasn't still arrived" msomaji anakwama. Na kama hakuna kukanusha, jambo linaendelea tu, mfano bado nipo ofisini, hiyo ni "I'm still at the office", yet usiiguse.

Binti Tabata
Mwalimu umeeleza vizuri sana, naomba niongezee upande wa maswali maana ndo watu wengi wanapopotelea. "Umeshakula?" kwa Kiingereza cha kawaida ni "Have you eaten yet?" Ona hapo, kwenye Kiswahili hamna bado hata moja ila yet ipo, kwa sababu muulizaji anategemea jambo litafanyika na anataka kujua kama limefika. Ukiuliza "Have you already eaten?" inaweza kusikika kama unashangaa, yani umeshakula saa hizi?! Afu Wamarekani wengi kwenye maongezi wanasema "Did you eat yet?", Waingereza wanapenda hiyo ya have, ukizisikia zote mbili usidhani kuna mmoja kakosea.

Na jibu lake ni "Not yet", maneno mawili. Kuna watu wanajibu "Yet" peke yake au "Still" wakidhani wamesema bado, mzungumzaji anabaki anasubiri sentensi iishe.

Abuu Gongo la Mboto
Msisahau bado za konda. "Bado wawili tuondoke" hapo hamna yet wala still, ni "two more". "Bado dakika kumi" ni "ten minutes left" au "ten minutes to go". Bado yetu hapa inahesabu kilichobaki, mkiitafsiri neno kwa neno hapo mnapotea.

Mdau wa Kurasini
Aisee asanteni sana, hiyo ya hajafika na bado hajafika sikuwahi kuiwaza kabisa na ipo mdomoni kila siku. Swali la mwisho, kuna imeili imeingia inasema "We have yet to receive your payment". Humo hamna not, sasa wamepokea au hawajapokea? Na kwenye magazeti naona "yet another accident", hiyo nayo bado?

Mwl wa Tuisheni Mbagala
Hawajapokea mkuu, walipe. "Have yet to" inakanusha yenyewe, hilo la kupokea bado liko mbele halijafanyika, kwa hiyo usiongeze not, "have not yet to receive" sio sentensi. "We are yet to receive" nayo utakutana nayo, maana ni ile ile.

"Yet another accident" ni ajali nyingine tena, na mwandishi amechoka kuziandika, angeweka "another" tu asingeonyesha huko kuchoka. Halafu ipo yet ya kuunganisha, "small yet strong", mdogo lakini ana nguvu, hiyo ichukulie kama lakini ya maandishi, kwenye maongezi watu wanasema but. Na "her best yet" ni bora kuliko zote alizofanya mpaka sasa, na mlango wa kufanya zaidi haujafungwa.

Binti Tabata
Kwa kazi yako Mdau hiyo "Not yet" ishike sana hasa kwenye simu. Mteja akikuuliza kama kontena lake limetoka ukamjibu "No", umemwambia halijatoka, basi. Ukimjibu "Not yet" anaelewa halijatoka ila linategemewa kutoka. Kwa hiyo itumie pale tu unapojua kweli linatoka, kama limezuiliwa mwambie limezuiliwa.