Bima ya safari ya mama inaisha Alhamisi na bado yuko huku Hamburg, inaongezwaje?

BintiTanga_HH
Habarini wakuu, naombeni msaada wa haraka. Mama alikuja kutoka Tanga kunisaidia uzazi, viza ya Schengen (ile ya kutembelea nchi za Ulaya), bima tulimkatia Dar ya siku 60, ile ya kulipia matibabu ya hadi yuro elfu 30 wanayoitaka ubalozini. Mtoto akaja kabla ya wakati, mpaka leo yuko wodi ya njiti, na mama ndo ananipikia uji na kunishika mkono kwenda hospitali kila asubuhi, siwezi kumwachia aondoke sasa hivi jamani. Tiketi tumeshasogeza hadi tarehe 27. Viza haina shida, kwenye stika imeandikwa hadi tarehe 30. Tatizo ni bima tu, inaisha Alhamisi hii tarehe 15. Naweza kumkatia nyingine hukuhuku mtandaoni au lazima itoke nyumbani? Ana miaka 67, ana presha na sukari, dawa anameza kila siku.

Mzee_wa_Bandari
Hongera na pole dada, Mungu amkuze mtoto. Usikimbilie kukata mpya. Mpigie ajenti aliyekuuzia Dar leo hii umwambie aongeze siku kwenye hiyohiyo. Kampuni nyingi zinamwongezea mtu akiwa tayari nje ila bima iwe bado hai, asiwe na matibabu anayodai, na siku zote kwa jumla zisipite kiwango chao. Ikishapita Alhamisi hakuna tena cha kuongeza, hapo unaanza mkataba mpya, na mpya kwa mtu wa presha ni mtihani kwa sababu chochote kilichoanza kabla ya tarehe ya mkataba wanakiita ugonjwa wa zamani hawalipi. Yaani akianza kukohoa Jumatano na bima mpya ikaanza Ijumaa, kile kikohozi ni chenu wenyewe.

Kipepeo_TO
Naunga mkono, yamenikuta. Baba alikuja kwangu Toronto, bima ya mwanzo ikaisha sisi tuko bize na msiba wa shangazi, siku nne baadaye ndo nakumbuka, nikamkatia nyingine mtandaoni nikalala usingizi. Kesho yake usiku akashikwa na tumbo tukakimbia emajensi. Kumbe ukikata mtu akiwa ameshafika kuna muda wa kungoja, hii yetu ilikuwa masaa 72 kwa ugonjwa, ajali tu ndo wanalipa toka siku ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa ukurasa wa pili kwa herufi ndogo na mimi sikusoma. Ile bili nimeilipa miezi 14. Kwahiyo dada kama ajenti wa Dar atakataa, kampuni za huku zinazouzia wageni zipo, Wajerumani wenyewe wanazo, lakini uliza mambo matatu kabla ya kulipa: wanampokea mtu aliyeshaingia nchini siku ngapi zilizopita, muda wa kungoja ni siku ngapi, na mwisho wao wa umri ni miaka mingapi. Na mpya ianze kabla ya ya zamani kuisha.

NuruBln
Subirini kidogo, mimi hiyo viza ndo inanitisha kuliko bima. Dada chukua pasipoti ya mama sasa hivi. Kwenye stika kuna kuanzia, kuna hadi, halafu kuna idadi ya siku, kama ubalozi wa Ujerumani ndo ulitoa imeandikwa Dauer des Aufenthalts, yaani muda wa kukaa. Hiyo namba ndo inayotawala! Tarehe ya hadi huwa wanaongeza siku 15 za ziada in case ndege ikisogea, sio siku za kukaa. Ikiwa imeandikwa 60, na siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa, basi Alhamisi mama anatakiwa awe ameshatoka. Usiogope lakini, unaweza kuomba nyongeza ya siku Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni, ya hapo Hamburg, sababu nzito ya kifamilia ada ni yuro 30, ila uombe kabla siku hazijaisha. Beba barua ya daktari wa wodi, tiketi mpya, na bima inayofika hadi 27. Bila bima hawakuongezei, kwahiyo anza na Dar.

BintiTanga_HH
Jamani Nuru nimefungua pasipoti mikono inatetemeka. Ni 60 kweli. Mimi siku zote nilikuwa naangalia ile 30 tu.
Ajenti nimempata, kasema inawezekana kwa kuwa mama hajatibiwa popote, nimetuma picha ya muhuri wa kuingia na tiketi mpya, mdogo wangu kalipa kwa M-Pesa, na cheti kimeingia kwenye imeili saa hizi, namba ya mkataba ni ileile, tarehe hadi 28. Nesi kasema barua ya daktari nitaipata kesho saa mbili asubuhi. Ofisi ya wageni nimewaandikia usiku huu huu nikaambatanisha vyote nilivyonavyo, kesho nikitoka wodini na barua naenda kusimama mlangoni kwao. Mama kasema tunaenda wote.