Mbawala dume aliyekomaa hujilaza wapi mchana? Tupeane uzoefu (Lubumbashi na pembeni)

Mwenye mada: Yambo ndugu. Kiangazi kimeingia, na wapiga picha na wafuata nyayo wanarudia swali lile lile: mbawala dume, yule aliyekwisha kuwa mweusi kwa umri, hujilaza wapi mchana, na kwa nini pale? Hadithi za "nilimwona hivi na vile" tuziache. Leteni kinachopimika. Tena tukumbushane: Upemba na Kundelungu ni hifadhi za taifa, mule ni kamera tu.

Wa Kipushi: Anzia pua. Mchana mbawala amelala akicheua, na taya zikisaga, masikio yanapoteza kazi. Ndiyo maana husimamisha kutafuna kwanza, akasikiliza, halafu akaendelea. Pua haihitaji kusimamisha chochote. Kwa hiyo tafuta mahali ambapo hewa inamfikia ikiwa imepita kwanza juu ya sehemu asiyoiona.

Kiangazi upepo wetu mkubwa hutoka upande wa kusini-mashariki. Sasa angalia vile vichuguu vikubwa vya huku, vingine vinapita mita 5, na kichaka chake ni kizito kuliko miombo inayovizunguka. Upande wa kaskazini-magharibi wa kichuguu, nyuma kuna kilima na kichaka, mbele kuna uwazi wa kutazama. Hapo ndipo pa kukagua kwanza.

Lakini usishangilie mapema. Nyuma kabisa ya kichuguu upepo hauendi mstari, unajizungusha. Mtu anakuja kutoka upande anaoamini ni salama, harufu yake inabebwa na ule mzunguko mpaka puani mwa mnyama. Pima hivi: chekecha majivu ya makala (mkaa), weka vijiko viwili kwenye kitambaa chepesi, funga, kisha tikisa usawa wa goti. Rudia kila hatua ishirini. Wengi hukosea kwa kutikisa usawa wa bega wakiwa njiani, mahali peupe. Mnyama aliyelala pua yake iko chini ya mita moja kutoka ardhini, ndani ya majani, na huko hewa inaweza kwenda kinyume kabisa na ya juu.

Wa Likasi: Mukubwa wa Kipushi, naheshimu, ila napinga kidogo. Kanuni ya "mgongo kwa upepo, macho upande wa pili" watu wengi wameitoa kwenye video za kulungu mkia-mweupe wa Marekani, mnyama wa migongo ya vilima na misitu inayopukutika majani. Mbawala ni wa kichaka. Mara nyingi alipolala macho yanafika mita chache tu, basi uwazi wa mbele si sharti. Mimi ningeweka kwanza kificho na mlango wa kutokea, upepo baadaye.

Kwenye miteremko, upepo mkubwa si kitu mpaka jua lipande. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa inapanda. Jioni ikipoa, inashuka kama maji. Aliyelala juu kidogo ya bonde asubuhi analetewa harufu zote za chini, na jioni zinaanza kuja za juu. Ukipanda kutokea bondeni saa nne asubuhi, umejitangaza mwenyewe.

Na dembo, yale mabonde mapana ya nyasi! Juni na Julai hewa baridi hukusanyika humo usiku, pengine hata jalidi inaanguka kwenye nyasi. Pembezoni, mahali palipoinuka kidogo na jua la asubuhi linafika, ni bora kuliko katikati. Saa sita atahamia kivulini, mara nyingi si mbali. Kwa hiyo ukikuta malazi mawili karibu-karibu, usiseme haraka ni wanyama wawili.

Swali kutoka Kasumbalesa: Macho yake je? Nguo nyekundu ni hatari?

Wa Likasi: Nyekundu si tatizo kubwa, yaya. Wanyama wenye kwato waliopimwa macho wana aina mbili tu za vipokezi vya rangi, hakuna cha wekundu. Bluu ndiyo wanaiona vizuri. Jinzi ya bluu ni mbaya kuliko fulana nyekundu. Ila kinachokuuza hasa ni kutikisika. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka.

Wa Kasenga: Mmesahau masikio, na majira. Agosti na Septemba majani makavu ya miombo yamejaa chini, kila hatua inalia. Hapo masikio yanamlinda pande zote, anaweza kulala hata kwenye kificho chepesi. Mvua zikianza majani yanalainika, na baadaye nyasi zinapita kichwa cha mtu. Masikio na macho yote yanapungua, anabaki na pua na kutulia kabisa mpaka umkaribie sana. Upepo mkali nao unavuruga masikio, maana msitu mzima unatikisika. Siku hizo tafuta upande uliokingwa. Moto ukipita, vichaka vya vichuguu na misitu ya kando ya mito ndivyo hubaki. Na mahali watu wa makala wamekata, kificho hakipo tena, hata upepo uwe mzuri namna gani.

Malazi matupu yasome hivi. Subiri mnyama aondoke mwenyewe, usimfukuze. Tafuta majani yaliyobanwa umbo la yai, peke yake, kwa sababu dume hukaa pweke. Nywele nyeusi-nyeusi zinaashiria dume mkubwa. Nyekundu-kahawia zinaweza kuwa za jike au kijana. Kisha lala pale pale, kichwa usawa wa nyasi, utazame. Ukisimama utaona msitu mwingine kabisa.

Kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe kitu kikipita mbele yake, usiifunge juu ya malazi. Ifunge kwenye njia ya kutokea, mita 30 au zaidi, urefu wa sentimita 50 hadi 60, ikitazama kusini, kwa sababu jua la kiangazi kwetu linapita kaskazini na litaipiga lenzi. Ng'oa nyasi mbele yake, la sivyo utapata mamia ya picha za nyasi zikiyumba. Ukibomoa matawi kwa panga ili upate nafasi nzuri, kificho alichokichagua kimekwisha, naye hatakuwa na sababu ya kurudi.