Siku moja Berlin na wageni kutoka nyumbani, kwa njia ya U6

Salaam kwenu nyote. Jumamosi ya pili ya Julai tunakuja Berlin kutoka Leipzig, watu sita. Watatu tuna Deutschlandticket (tiketi ya mwezi ya usafiri wa Ujerumani nzima), watatu ni wageni kutoka Dar na Lindi. Tunaomba mpango wa siku usio wa kukimbizana, na jioni tuchome mishkaki. Tiketi gani, tuanzie wapi, na kitu gani kinaweza kutuharibia siku?
— wa Leipzig

* * *

Salaam dada. Shikeni treni moja tu, U6, inayokata mji kutoka kaskazini hadi kusini.

Nyie wenye Deutschlandticket hamhitaji kitu kingine. Wageni wakate tiketi ya saa 24, eneo AB (ndani ya mji), kila mtu yake. Ile ya kikundi (hadi watu watano) huanza kulipa wakifika wanne. Ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kisanduku cha stesheni kabla ya kupanda, na saa 24 zinahesabiwa kuanzia hapo: ukigonga saa tatu asubuhi, unaitumia hadi saa tatu kesho yake. Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Tiketi wamelipia, muhuri haina, na mkaguzi aliyevaa kiraia anawaandikia faini ya euro 60. Uwanja wa ndege uko eneo C, kwa hiyo AB haifiki huko.

Anzeni Rehberge saa tatu asubuhi, jua likiwa bado pole. Hapo ni Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika, mitaa yenye majina kama Sansibarstraße, Usambarastraße na Ugandastraße. Tafuteni Maji-Maji-Allee. Hadi Agosti 2024 ilikuwa sehemu ya Petersallee, jina lililowekwa 1939 kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu. Sehemu ya pili sasa ni Anna-Mungunda-Allee. Ramani ya zamani itawaonyesha jina la zamani, msidhani mmepotea. Ni mitaa ya makazi, nusu saa yatosha, na chai mnywe kabla.

Kisha vituo sita hadi Naturkundemuseum. Jumba la makumbusho hufunguliwa saa nne asubuhi Jumamosi (Jumatatu hufungwa), nanyi mkate tiketi mtandaoni siku moja kabla. Ukumbi wa kati ndimo alimosimama yule mjusi wa Tendaguru, mifupa ya dinosaria iliyotoka Lindi, mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Mgeni wenu wa Lindi mpeni muda hapa. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kwisha huko huko kusini, na wachimbaji walikuwa watu wa kule, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani. Ilibebwa na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Simameni karibu na mguu wa mbele, muangalie mfupa wa juu wa mguu huo, ulio juu ya vichwa vyenu, ndipo mtaelewa mzigo ule ulikuwa nini. Muda usipungue saa mbili.

Vituo vitatu zaidi, Unter den Linden, kwa lango la Brandenburg. Kuba la Bunge ni bure, lakini lazima mjiandikishe mapema kwa majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na pasipoti yenyewe mwende nayo. Nafasi za kiangazi huisha wiki kadhaa kabla, andikeni leo.

Jioni teremkeni vituo saba hadi Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa 2008, sasa bustani. Nyama ikolezeni usiku wa kuamkia, mje nayo.
— wa Wedding

* * *

Yote sawa, kaka, ila nyama mbichi isizungushwe mjini siku nzima. Treni za U-Bahn (za chini ya ardhi) hazina kiyoyozi, na Julai begi linachemka. Viungo ndivyo mje navyo, vimesagwa kwenye chupa ya jemu. Kwa watu sita: tangawizi vijiko vikubwa viwili, kitunguu saumu punje nane, ndimu tatu, chumvi, pilipili.

Saa kumi jioni, badala ya kufika Tempelhof, shukeni Mehringdamm mpande U7 vituo vitatu hadi Hermannplatz. Sonnenallee inaanzia hapo, na nyama halali ipo. Kilo mbili, mwambieni muuzaji mnataka ya Gulasch (nyama ya mchuzi), atawakatia vipande, nyie mgawe kila kipande mara mbili. Mkaa kilo tatu. Halafu U8 kituo kimoja, Boddinstraße, na mguu dakika kama kumi kupitia Herrfurthstraße hadi lango la Oderstraße, la bustani ile ile ya Tempelhof.

Kuchoma kunaruhusiwa palipowekwa alama tu, na jiko liwe na miguu, maana lile la kutupa linalolazwa chini huunguza nyasi. Ukame ukizidi huwa wanapiga marufuku kabisa, hakikisheni kabla ya kununua mkaa. Vijiti vya mianzi vilowekwe nusu saa, la sivyo vinaungua kabla ya nyama. Kivuli hakuna: kofia, na maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Chupa za plastiki na makopo msitupe, kila moja ina senti 25 dukani. Malango hufungwa giza likiingia, basi mkaa wa mwisho usiongezwe baada ya saa mbili usiku.
— wa Neukölln