Mjadala: Crooked House ijengwe upya ikiwa imepinda vilevile?

Mleta mada: Baa hii ya Himley, Staffordshire, Uingereza, ilijengwa 1765 kama nyumba ya shamba. Uchimbaji wa makaa ya mawe chini yake ukaititisha upande mmoja kwa kama mita 1.2. Iliungua usiku wa 5 Agosti 2023, muda mfupi baada ya kuuzwa. Tarehe 7 tingatinga likaiangusha yote. Februari 2024 halmashauri ya South Staffordshire ikaamuru irudishwe ilivyokuwa, ndani ya miaka 3. Mnaafiki?

Mwashi: Siafiki. Mwinamo ulikuwa nyuzi 15. Ukuta wa mita 3 ukiinama hivyo, kichwa chake kinatoka nje karibu sentimita 80, na kitovu cha uzito sentimita 40. Ukuta wa tofali moja na nusu una unene wa kama sentimita 33, kwa hiyo uzito umeshavuka kitako. Bila egemeo unaanguka. Ile ya zamani iliinama polepole, na chokaa ya viungo ina ulegevu wa kufuata. Hata hivyo miaka ya 1940 ilionekana hatari, hadi kampuni ya bia ilipoinunua na kuiwekea maegemeo na vyuma. Ya leo itakuwa fremu ya chuma iliyovikwa matofali. Hiyo ni sanamu ya baa.

Kaunta: Chuma kilikuwemo miaka 80, na watu waliipenda hivyo hivyo. Kilichowavuta ni macho kudanganyika: gololi mezani ilionekana ikipanda mlima. Vipimo vikirudi, hilo nalo linarudi. Carlton Tavern ya London ilibomolewa 2015 bila kibali, ikafunguliwa tena 2021, maana picha na vipimo vilikuwepo.

Mwashi: Carlton ilikuwa wima.

Hati: Mnawasahau wenye nyumba. Enzi za ukoo wa Glynne iliitwa Glynne Arms, kisha ikawa ya kampuni ya bia. Kampuni ya bia huuza baa pale mauzo ya kaunta yasipolipa. Mnunuzi anaweza kuwa anapigia hesabu kiwanja tu. Na jengo hili halikuwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa! Amri ya kujenga upya inaondoa faida ya kubomoa, ndiyo maana naiunga mkono kwa nguvu zote. Ila haimlazimishi mtu kuuza bia humo.

Mwashi: Basi kabla ya tofali la kwanza, ardhi itobolewe. Mashimo ya mgodi yakikutwa yajazwe uji wa saruji, la sivyo msingi mpya utatitia kama wa kwanza.