POA (hati ya kumwakilisha mtu kisheria) imekataliwa Moshi, faili la mdogo wangu bado liko masjala

Mama Neema, Leicester:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mdogo wangu alijifungua kwa oparesheni mwezi wa pili, hospitali moja hapo Moshi. Usiku akavuja damu, asubuhi wakamrudisha tieta wakamtoa kizazi. Ana miaka 27. Wakili anasema bila faili zima hana pa kuanzia. Mdogo wangu akaniandikia idhini, nami nikatengeneza POA kwa notari hapa, kaka akaipeleka masjala, wakaigeuzageuza wakasema haina muhuri wa ubalozi. Tulizonazo ni nakala chache alizopewa mdogo wangu mwanzoni. Chati ya presha ina saa 8:40 usiku, 90 kwa 60. Mstari unaofuata ni saa 12:15 asubuhi. Katikati kalamu haikugusa. Na kurasa zinaruka, baada ya 14 inakuja 17. Naomba anayejua: muhuri wa notari unatosha, au lazima niende London?

Mzee wa Kibosho, Minneapolis:
Marahaba mwanangu, poleni sana. Msisahau notisi ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu (AG) na Wakili Mkuu wa Serikali. Binamu yangu Arusha alikwenda mahakamani bila notisi, kesi ikatupwa kabla hata hajasikilizwa. Akaanza upya, mwaka mzima umekwenda.

Binti Machame, Reading:
Samahani baba, siku 90 ni kwa anayeishtaki Serikali. Mama Neema hajasema kama hospitali ni ya serikali, ya kanisa au ya mtu binafsi. Kinachombana kwa vyovyote ni miaka 3, maana madai ya uzembe yakipita hapo mlango umefungwa.
Dada, mimi ni mkunga, mwaka wa 11 huu niko wodi ya wazazi. Kizazi kutolewa peke yake siyo ushahidi wa uzembe. Mama anaweza kuvuja damu hata mikononi mwa bingwa. Mtatakiwa kuonyesha kwamba hawakufanya ambacho nesi au daktari mwangalifu angefanya, halafu kwamba kutofanya huko ndiko kulikomfikisha tieta mara ya pili. Hilo la pili ndilo linaloua kesi nyingi. Watasema hata angepimwa kila robo saa, kizazi kingetoka tu. Hapo anahitajika bingwa wa magonjwa ya wanawake, aieleze mahakama kwamba 90 kwa 60 kwa mama aliyetoka kupasuliwa ni dalili ya kuitana mbio, akandwe tumbo, aongezewe oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, damu iandaliwe. Zile saa tatu na nusu tupu ndizo kesi yenyewe. Hizo kurasa 15 na 16 zitafuteni kwa udi na uvumba.

Mzee wa Kibosho:
Sikumtisha mtu, nimesema yaliyotupata. Na huyo bingwa mtampata wapi? Madaktari wa Kaskazini wamesoma pamoja, wanazikana. Tafuteni wa Dar au Mwanza.

Dada wa Aarhus:
Mbona mnazunguka? Pelekeni malalamiko MCT, baraza la madaktari, daktari awalipe.

Binti Machame:
MCT hailipi fidia. Inaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista, basi. Manesi wako chini ya TNMC, baraza lao la uuguzi na ukunga. Fidia ni mahakamani.

Dada wa Aarhus:
Sawa, ila adhabu nayo ni kitu. Mnakumbuka ya MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, 2007, wa goti kapasuliwa kichwa na wa kichwa kapasuliwa goti?

Binti Machame:
Ile kosa lilijisema lenyewe, halikuhitaji mtaalamu. Hii ya damu inahitaji.

Kaka Majengo, Columbus:
Mimi sielewi POA ya nini. Mgonjwa yuko hai na ana akili timamu. Aende na kitambulisho chake cha NIDA, aombe kwa maandishi, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inampa haki ya kupata taarifa zake. Wakikataa, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mama Neema:
Kaka, alishakwenda mara mbili. Ili ufike masjala lazima upite mbele ya wodi ya wazazi. Mara ya pili alikaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne na mtoto mgongoni, wenzake wanatoka na vichanga, ndugu wanapiga vigelegele. Aliporudi nyumbani hakula siku mbili. Sitamwambia arudi pale. Ndiyo maana ya POA.

Kaka Majengo:
Nisamehe dada. Sikujua.

Dada wa Aarhus:
Nimelia. Mimi nilijifungulia huku, hakuna mama wa kunipikia mtori. Ningemwaga machozi kwa bakuli moja tu la Marangu.

Mzee wa Kibosho:
Fedha tunazotuma kila mwezi wanazipokea, muhuri wetu hawautaki. Uraia pacha nao tumeomba mpaka tumezeeka.

Binti Machame:
Hilo tuliache leo. Mama Neema, hospitali ni ya nani?

Mama Neema:
Ya kanisa. Alhamisi nimeomba ruhusa kazini, napanda treni ya saa 12 asubuhi kwenda ubalozini. Aliyewahi kugongewa POA pale hivi karibuni aniambie: wanataka mashahidi wawili, au paspoti inatosha?