Namba 500 za "wateja wa bima ya maisha" kwa laki nne: ninunue?

Wakala_Mpya_Unguja

Assalaam alaykum jamaa. Nina leseni mpya ya uwakala, najitegemea, nipo Mjini na nauza bima ya maisha tu: ya muda maalumu, ya elimu ya watoto na ya mazishi. Yupo mtu wa Bara anauza orodha ya majina na namba za simu 500 kwa shilingi 400,000. Anasema wote wana nia ya bima na nusu yao wapo Unguja na Pemba. Pesa ninayo, ila ndiyo mtaji wote. Bei ni ya haki? Nimuulize nini kabla sijalipa? Na nikiacha, hizo laki nne nizipeleke wapi?

Hesabu_Kwanza

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Usipime bei ya jina, pima bei ya bima moja iliyolipiwa.

Jina moja ni shilingi 800, rahisi. Lifuate mpaka mwisho. Tuseme nusu wanapokea simu, 250. Katika hao 25 wanakubali muonane, 12 wanatokea kweli, 3 wanalipa ada ya kwanza. Kila bima imekula shilingi 133,000 na ushei, na hapo bado vocha na nauli za Fuoni na Bububu. Geukia upande wa pili: ada ya 30,000 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka. Kama mkataba wako wa uwakala unakupa kamisheni ya asilimia 30 ya ada za mwaka wa kwanza, bima moja ni 108,000, tatu ni 324,000. Umeshapungukiwa 76,000 kabla ya kodi.

Halafu hiyo 324,000 haiji kwa mkupuo. Mteja akilipa kila mwezi, kamisheni nayo inadondoka kila mwezi: 9,000 kwa bima moja, 27,000 kwa zote tatu. Umetoa laki nne leo, unaokota elfu ishirini na saba kwa mwezi, na mmoja akiacha kulipa mwezi wa tatu inabaki 18,000. Ikiwa kampuni yako inatanguliza kamisheni ya mwaka mzima, basi bima ikikatika watakudai ile sehemu ya miezi ambayo mteja hakuilipia. Kisome kifungu hicho leo.

Weka namba zako badala ya zangu. Kama kati ya 500 utafunga 15, hesabu inageuka kabisa, lakini orodha ya watu wasiokujua wala hawakukuomba haifiki huko.

Bi_Kifungu

Naongezea upande wa orodha yenyewe. Marekani, ambako biashara hii ni kongwe, majina yana madaraja: jina unalouziwa wewe peke yako, jina linalouzwa kwa mawakala kadhaa kwa pamoja, na jina lililokaa miezi, ambalo ndilo la bei ya chini kabisa. Jina la pamoja lina thamani dakika chache tu, kwa sababu mteja humsikiliza wa kwanza kupiga na wanaofuata anawakatia simu. Na huko tangu 2003 ipo orodha ya taifa ya watu wasiotaka kupigiwa simu za biashara, kwa hiyo wakala huzichuja namba zake kabla ya kupiga. Huyo wako ameyatia yote kapu moja akaita "nia ya bima".

Muulize: walijaza fomu gani, tarehe gani, na fomu ilisema namba zao atapewa nani? Umeshawauzia mawakala wangapi? Namba iliyokufa unanirudishia nyengine? Kisha omba namba 20, uzichague wewe kwa kumtajia mistari (wa 14, wa 97, wa 310), si ishirini atakazokuchagulia yeye.

Faili likifika litazame safu kwa safu. La watu waliojaza wenyewe lina tarehe na saa tofauti kwa kila mtu, lina shehia au mtaa, lina majibu ya mkono: mmoja kaandika "mtoto yupo std 3", mwengine "naomba nipigiwe baada ya laasiri". Lililokombwa kwenye makundi ya WhatsApp lina namba tupu na majina kama "Baba Rayyan" na "Fundi AC Amani". Hilo usilipe hata shilingi.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Taarifa za mtu hukusanywa kwa lengo alilojulishwa. Namba alizozitoa mtu alipoomba mkopo au alipopanga chumba hotelini hazikutolewa ili wewe umuuzie bima, na leseni ni yako, si ya muuzaji.

Mkaazi_wa_Chake

Hata faili likiwa safi, halikwambii jambo kubwa la huku kwetu. Swali la kwanza la mteja si bei, ni "hii inafaa kwa sheria ya dini?" Ijue tofauti uieleze kwa sentensi mbili: kwenye takaful, yaani bima ya Kiislamu, mchango, wote au sehemu yake, unaingia mfuko wa kusaidiana kama tabarrui (mchango wa kujitolea), kampuni inachukua ujira wa kuuendesha, na ziada hugawiwa kama mkataba ulivyosema. Kama unauza bima ya kawaida, sema ni ya kawaida tangu simu ya kwanza. Ukiificha, atakwenda kumuuliza sheikh wake, na utapoteza mtaa mzima. Jiandae pia kwa suala la mnufaika: aliyeandikwa kwenye fomu anachukua yote, au anapokea ili igawiwe kwa mirathi? Ipate kampuni yako ikujibu kwa maandishi.

Jengine ni majira ya pesa. Mfanyakazi wa hoteli wa Nungwi au Paje akikata bima Januari, masika ikiingia hoteli zinapunguza watu, na bima inakufa Mei. Mkulima wa karafuu wa Konde hana pesa ya ada kila mwezi. Mpe ya mwaka, ailipe akishauza karafuu zake ZSTC, shirika la serikali linalozinunua. Mwalimu wa skuli ndiye salama zaidi kwako, ikiwa kampuni yako ina utaratibu wa makato ya mshahara.

Wakala_Mpya_Unguja

Nimemuomba zile 20 kwa mistari, kanyamaza. Je, tangazo la Facebook na fomu yake? Hapo majina yanakuwa yangu peke yangu.

Hesabu_Kwanza

Hiyo ni njia nzuri kuliko kununua, ila fomu ina mtego. Facebook huijaza yenyewe kwa jina na namba zilizomo kwenye akaunti ya mtu. Anabonyeza mara mbili bila kusoma, na namba ni ya laini aliyoiacha zamani. Chagua aina ya fomu inayomlazimisha ahakiki kabla ya kutuma, na tia maswali mawili ya kuandika kwa mkono: "Mtoto yupo darasa la ngapi?" na "Tukupigie saa ngapi?" Ongeza la kuchagua: takaful au bima ya kawaida. Majina yatapungua, watakaopokea simu wataongezeka.

Ukichagua Zanzibar kama eneo, tangazo linawafikia pia wanaopita tu, watalii wakiwemo. Liandike Kiswahili kitupu, mtalii atalipita. Usilibane kwa lugha ya simu, maana watu wetu wengi wameziacha simu zao kwa Kiingereza.

Anza na 5,000 kwa siku kwa siku kumi. Hiyo ni 50,000, na 350,000 imebaki mfukoni. Ukipata majina 25, kila moja ni 2,000. Hesabu wangapi walipokea, wangapi mlionana, wangapi walilipa, ndipo uongeze. Piga ndani ya saa ile ile aliyojaza, isipokuwa kama ametaja saa yake. Ukiwa na safari ya Pemba, lizime tangazo kabla hujapanda boti, kwa sababu majina yatakayoingia huku huna mtandao utakuwa umeyalipia, na ukishuka Mkoani yatakuwa yameshapoa.