Dini kwenye serikali mpya baada ya vita: Lebanon, Iraq au Nepal, nani alipatia?

Kalamu_Nyeusi: Wakuu, tuseme vita vimekwisha, watu wamepiga kura, sasa katiba inaandikwa. Dini iwekwe wapi? Lebanon, kwa mkataba wa amani wa Taif wa 1989, waligawana bunge nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu. Rais Mmaroni (Mkristo wa Kikatoliki wa huko), waziri mkuu Msunni, spika Mshia. Iraq 2005, Uislamu ukawa dini rasmi na chanzo cha msingi cha sheria. Nepal wakaufuta ufalme wa Kihindu mwaka 2008, na nchi sasa haina dini rasmi. Mimi naegemea Lebanon. Kila kundi lilipata fungu lake.

Bint_Makame: Fungu walipata, ila angalia wanavyoishi nalo. Sensa ya mwisho rasmi ilikuwa 1932! Nani athubutu kuhesabu watu upya wakati vyeo vinategemea idadi? Halafu ndoa ya kiserikali hakuna. Wachumba wasiotaka kufungishwa na shehe wala padri hupanda ndege hadi Cyprus, wanafunga huko, wanarudi na cheti, na serikali ileile iliyowanyima inakisajili.

Mzee wa Vifungu: Iraq nako watu hukisoma kifungu cha 2 cha katiba nusunusu. Sheria isipingane na hukumu thabiti za Uislamu. Mstari unaofuata, isipingane na misingi ya demokrasia. Zikigongana? Waamuzi ni Mahakama Kuu ya Shirikisho, na kifungu cha 92 kinataka humo wawemo mabingwa wa fiqhi, yaani sheria za Kiislamu. Kwa hiyo ugomvi haukuisha, ulihamia kwenye nani akalie kiti cha jaji.

Kalamu_Nyeusi: Basi Nepal?

Mzee wa Vifungu: Usiipambe sana. Katiba yao ya 2015 inasema nchi haina dini rasmi, kisha inafafanua kwamba maana yake ni pamoja na kulinda dini na utamaduni wa tangu enzi. Ng'ombe ndiye mnyama wa taifa, na kumbadili mtu dini ni kosa.

Pwani_Huru: Mmeisahau Msumbiji. Amani ya Oktoba 1992 ilisainiwa Roma, wasuluhishi wakiwemo jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio na Askofu Mkuu wa Beira, Jaime Gonçalves. Uchaguzi ukafanyika 1994, na nchi ikabaki bila dini rasmi. Viongozi wa dini walipatanisha, hawakudai wizara.

Bint_Makame: Mkuu, Frelimo iliyokuwa serikalini na waasi wa Renamo hawakupigana kwa ajili ya dini. Ni rahisi kuiacha dini mlangoni kama siyo iliyowagombanisha.

Kalamu_Nyeusi: Hapo umenigusa. Nasogea kidogo: mgao uwepo, ila uwe na tarehe ya kuisha. Hata Taif iliahidi kuufuta hatua kwa hatua, na kifungu cha 95 cha katiba yao kinarudia ahadi hiyo. Mwaka wa kumaliza tu ndio haukuandikwa.